Nilivyoiunga Mkono Meli ya Gesi

Jumatatu, 4 Machi
Kitindamimba wangu, binti fundi wa kuchomelea vyuma, kaanza kukunja nguo. Eti kapata kazi kiwanda cha saruji, safari ya siku mbili. Siku mbili! Nani atamkumbusha kula? Lakini Mungu hamtupi mja wake. Fundi cherehani kanidokeza kuna meli ya gesi inaombewa ruhusa ije kutia nanga hapahapa, isiondoke tena. Meli ni chuma. Chuma huchomelewa. Nimemwambia binti asubiri kidogo. Kauliza nina mpango gani. Nimesema sina.

Ninao.

Jumanne, 5 Machi
Nimemuuliza kaka yangu, dereva wa lori la mafuta. Kasema gesi hupozwa hukohuko itokako mpaka inakuwa majimaji, ikifika hapa meli inaipasha joto irudi kuwa gesi. Nikauliza, si wangeiacha ilivyo wasijichoshe? Kasema ikiwa gesi haienei melini, ikiwa majimaji husinyaa. Nikauliza, kwani ikiwa maji inakwenda wapi ile iliyobaki? Kamaliza chai, kavaa viatu. Haidhuru. Keshokutwa kuna mkutano wa maoni. Nitaiunga mkono meli mpaka mhandisi wa mradi aulize huyu mama ni nani na ana watoto wangapi.

Alhamisi, 7 Machi
Sielewi kilichotokea! Nilikaa mbele kabisa. Muuza samaki, hasimu wangu wa siku nyingi, kaanza kulalamika kwamba meli itafukuza samaki. Mhandisi kamjibu hakuna cha kuogopa. Nikaona ndipo pa kuingilia. Nikauliza kwa adabu: mwanangu akifanya kazi humo kwenye baridi, mtampa sweta? Bomba likipasuka, nani atanipigia simu? Na wewe baba, mama yako anapata usingizi?

Mhandisi kaandika maswali yote. Ukumbi ukalipuka! Mwambie, mama! Wape vidonge vyao! Muuza samaki kanikumbatia, kaniita shoga yake. Nikapunga mkono, najua mambo yamenyooka. Kumbe wananichagua mwenyekiti wa kamati ya kuipinga meli. Nikasema asanteni. Mtu akikupa cheo mbele za watu utamkatalia vipi?

Ijumaa, 8 Machi
Nimemfuata mhandisi hotelini, nimwambie meli yake naipenda. Kanitangulia kushukuru. Kumbe jana kampigia mama yake, na kweli hapati usingizi! Kawaeleza wakubwa wake, wameahirisha mradi mpaka maswali yangu yapate majibu. Labda ije mwakani, labda isije kamwe. Nikalia. Kadhani ni furaha, kanipa leso.

Jumapili, 10 Machi
Binti kaondoka. Pale stendi kasema anajivunia mama aliyesimamisha meli nzima kwa mdomo mtupu. Nikamwambia ndivyo nilivyopanga. Basi likakata kona, nikabaki nimeshika hewa.

Halafu nikawaza. Ikiwa meli nimeisimamisha bila kutaka, kiwanda cha saruji je? Kikifungwa, mtoto si atarudi nyumbani? Kule nako wana mkutano wa maoni wiki hii, habari ya vumbi. Nimeshakata tiketi.

Safari hii napinga kwa makusudi.