Betri Ina Joto, Ngamia Hayupo

Jumatatu, 10 Februari 2025. Garissa.

Joto: nyuzi thelathini na tisa kivulini. Hali yangu: mbaya kuliko hiyo.

Naandika mlango nimeufunga. Ikiwa mtu mwingine anayasoma haya, basi mimi Abdikafi nimekwisha kufa, na aliyeniua ni habaryar Abshiro, mama yangu mdogo.

Jana nilipata kazi ya kupiga picha za arusi kwa droni, kiwanjani nje ya mtaa. Watu wanaoana mbio mbio kabla Ramadhani haijaingia, na mimi ndiye rubani pekee wa mtaa huu. (Cheo hicho sikupewa na mtu. Nimejipa.) Droni iko juu, bibi arusi anashuka garini, mara kwenye kioo cha rimoti likatokea onyo jekundu: betri ina joto, tua sasa. Nikabonyeza "puuza". Likarudi. Nikapuuza tena. Mara kumi na tisa! Mara ya ishirini droni haikuniuliza. Ikaanza kushuka yenyewe, na katika Garissa nzima mahali ilipopachagua ni katikati ya ngamia wa habaryar waliokuwa wakirudi kutoka malishoni.

Ngamia wanne waligutuka wakasimama. Wa tano, Suban, akatimua mbio. Ana mimba ya miezi kumi na tatu, tumbo kama tangi la maji. Sikujua anaweza kukimbia vile! Akapotelea vichakani upande wa barabara ya Dadaab. Mchungaji alikuwa nyuma, hakuona. Wageni walikuwa kwenye vigelegele. Nimeona mimi tu.

Habaryar Abshiro ni mdogo wa marehemu mama yangu. Amenilea, na amenilea kwa maziwa ya ngamia anayouza sokoni. Wale wanne wamekaribia kukauka. Suban akizaa salama, nyumba ina maziwa ya mwaka mzima. Akizaa peke yake porini, fisi hawabishi hodi.

Nilitaka kusema. Wallahi mdomo niliufungua. Habaryar akaniuliza kama nimeona Suban ameelekea wapi, maana mimi ndiye mwenye macho ya angani. Nikanyoosha kidole upande wa mto. Upande mwingine kabisa! Hata sasa sijui kidole kile kilitumwa na nani. Halafu nikafikiri: wakihangaika naye mtoni, mimi nitampata kwa droni upande wa pili, na nitakuwa shujaa. Mpango safi.

Jumanne, 11 Februari

Balaa. Habaryar amemwita Shuaib.

Shuaib ni mzee wa Hulugho, msoma nyayo. Hana simu ya maana. Ana fimbo, kikoi na macho. Wanasema akiona alama za ngamia mchangani anajua ni wa nani, ana mimba au hana, na mara ya mwisho alikunywa maji lini. Mimi huita hiyo bahati. Lakini asubuhi hii nilikumbuka jambo: pale kiwanjani mchanga umeandika kila kitu. Nyayo za Suban zinaanza mbio palepale droni ilipotua!

Mpango: kufagia. Lakini mfagiaji naye huacha nyayo. Kwa hiyo baada ya swala ya adhuhuri nilitoka msikitini wa kwanza, nikavaa akala za tairi za mtu mwingine zilizokuwa mlangoni. Mwenyewe bila shaka alikuwa amejilaza ndani kwenye feni, kama wazee wafanyavyo wakati wa joto. Nikafagia kiwanja kwa tawi la mgunga mpaka kikawa laini. Nikarudisha akala kabla ya alasiri. Nikajipongeza kwa soda.

Saa kumi na moja Shuaib akafika kiwanjani. Nilisimama karibu nikitazama mawingu ambayo hayakuwepo. Akachuchumaa. Akatazama mchanga uliofagiwa. Akatazama pembeni, alikopita mfagiaji. Akatazama miguu yake mwenyewe. Kisha akatazama miguu yangu.

"Hii akala ni yangu," akasema polepole. "Lakini leo imetembea bila mimi. Na huyo mtu alikuwa ndani, mguu yake ya kushoto inakanyaga nje."

Ya Allah! Akala ZAKE! Katika jozi arobaini mlangoni! Nimerudi nyumbani nikikanyaga ndani kwa nguvu zangu zote, na sasa nyonga inauma.

Jumatano, 12 Februari

Shuaib ameondoka alfajiri. Moja kwa moja upande wa barabara ya Dadaab! Mto hakuugeukia hata kwa jicho moja. Nina siku moja, labda mbili, za kumwahi.

Saa saba mchana nikaenda kiwanjani. Nyuzi arobaini na moja. Nikawasha droni. Betri ina joto, haiwezi kuruka. Lakini haijaruka bado! Imekaa tu kama mimi!

Nikaipeleka kwa Fathi, fundi wa simu. Tulisoma pamoja na tangu hapo ananionea wivu. Akasema betri ina programu ndani yake, inataka kusasishwa, na mimi nimekataa kuisasisha kwa miezi kumi na moja. Nikamweleza msimamo wangu: kitu kinachofanya kazi hakichokonolewi. Akauliza kama kinafanya kazi. Mtu wa kero sana.

Nina betri mbili. Tukasasisha ya kwanza. Ilichukua saa mbili na nusu, mtandao ukija na kwenda. Mimi nilidhani sasisho litaipa betri uvumilivu, kama mtoto anavyopewa chanjo. Kumbe limeipa woga! Zamani ilikuwa inaonya, unapuuza, maisha yanaendelea. Sasa kitufe cha "puuza" chenyewe hakipo. Wamekiondoa! Fathi anasema ni kwa usalama, betri hizi zikipata joto sana huwaka moto. Nilimcheka.

Pigo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Kumbe droni huandika kila safari yake! Sikuwa najua. Fathi akaifungua akasoma kwa sauti, dukani, mbele ya wateja wawili: Jumapili, saa kumi na dakika hamsini na mbili, onyo la joto, rubani amepuuza. Onyo la joto, rubani amepuuza. Alizisoma zote kumi na tisa, kama mwalimu anayeita majina. Halafu ikaja picha ya mwisho: tumbo la Suban, karibu kabisa. Mimi nimeficha shajara yangu chini ya godoro, na mashine niliyoinunua mwenyewe inaandika ya kwake.

Fathi ameahidi kunyamaza kwa sharti moja. Suban akipatikana, nitatangaza mbele ya watu kwamba yeye ndiye mhandisi mkuu wa anga. Nimekubali. Imeniuma kama sindano.

Alhamisi, 13 Februari

Habaryar hakwenda sokoni leo. Hakula. Alikaa kizingitini na tasbihi akitazama njia, na kila mbwa akibweka anasimama. Roho iliniuma sana. Nikaona hapa hakuna la kufanya ila kuipoza betri upesi.

Nikaomba nafasi katika friza ya duka la jirani. Dakika arobaini, kati ya chupa za maji. Nikaitoa, nikaipachika kwenye droni. Ujumbe: betri ina baridi mno, subiri ipate joto. Garissa! Mwezi wa pili! Ilibidi nikae chini mchangani. Tangu mji huu ujengwe hakuna kitu kilichowahi kulalamika baridi. Nikasubiri. Ikapata joto. Ikapitiliza. Betri ina joto, haiwezi kuruka. Kati ya ujumbe wa kwanza na wa pili kulikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi, na mimi dakika hizo nilikuwa nakunywa chai.

Nikafikiri tena. Inatakiwa sehemu isiyo friza wala jua. Na iko sehemu hiyo nyumbani kwetu! Jikoni, kivulini, inaning'inia dhiil ya marehemu nyanya, chombo cha maziwa kilichosukwa kwa mizizi, kinene, ndani ubaridi mtupu. Nikaizungushia betri kitambaa, nikaitumbukiza, nikafunika. Nitaichukua alfajiri, nirushe kabla jua halijapanda. Sikumwambia mtu, maana ningeulizwa maswali.

Idman, binti wa habaryar, naye akawaza yake. Akataka kumtia mama yake moyo, aandae chombo cha maziwa ya kwanza ya Suban akirudi. Na chombo cha maziwa kinaandaliwaje? Kila mtoto wa mfugaji anajua, na mimi ni mtoto wa mfugaji! Kinafukizwa! Akasogeza kifuniko, akatia vijiti vyenye moto, akafunika, akatikisa.

Nilikuwa chooni niliposikia mluzi kutoka jikoni. Nilitoka nimeshika suruali kwa mkono. Dhiil imelala chini inatema moshi mweupe na moto wa rangi nisiyoijua, na Idman yuko juu ya pipa la maji anasoma Ayatul Kursi. Tukaifukia kwa mchanga. Idman hakuungua hata ukucha, alhamdulillahi. Lakini dhiil imekuwa majivu. Mama alinyweshwa humo, na mimi nikanyweshwa humo.

Habaryar aliuliza swali moja tu: ndani yake kulikuwa na nini. Nikasema huenda kijiti kilikuwa kibichi. Akaokota kijiti kilichobaki, akakivunja, kilikuwa kikavu. Idman anasema ni jini, na mimi sikumpinga.

Ijumaa, 14 Februari

Siku ya ajabu. Niandike kwa mpangilio.

Shuaib amerudi baada ya swala ya alfajiri. Ameona alama mpya kwenye lagha, ule mkondo mkavu wa huko mbele, mwendo wa saa mbili. Akamchukua habaryar, maana ngamia mwenye uchungu hamkubali mgeni, anataka sauti ya mwenyewe. Nami nikafuata, droni begani, na betri ya pili. Hii haijasasishwa. Ina kitufe cha "puuza". Imevimba kidogo, lakini kwa joto hili nani hajavimba?

Kabla ya kufika lagha nikairusha. Nikamwona mimi! Wa kwanza! Suban amesimama chini ya mgunga, na miguuni pake mtoto, bado mbichi, anajaribu kusimama. Na kichakani nyuma yao, fisi wawili! Nikapiga kelele. Shuaib na habaryar wakakimbia mbele, mimi nyuma yao. Nilikuwa shujaa kwa muda wa sekunde kumi na tano.

Betri ina joto, tua sasa. Nikapuuza. Nilitaka picha ya karibu, ya kuwaonyesha watu. Nikapuuza tena. Droni ikaanza kushuka, moja kwa moja, juu ya yule mtoto. Suban akainua shingo. Akarudi nyuma hatua moja. Ya pili. Nikaona mambo ya Jumapili yanakuja tena, na safari hii atamwacha mtoto na fisi. Nilibonyeza kila kitufe. Nililia, na sioni haya kuandika kwamba nililia.

Habaryar akasimama palepale. Akaanza kuimba, taratibu, wimbo ule wa kunywesha ngamia kisimani. Suban akasikiliza. Hakukimbia. Shuaib akapita kando yake akaipiga droni fimbo moja tu. Ikaruka mpaka kichakani, betri ikawaka, moshi ukatanda, na fisi wakatoka mbio. Naomba iandikwe: aliyefukuza fisi ni droni yangu.

Halafu nikaketi mchangani. Nikamwambia habaryar yote. Arusi, kidole, akala, friza, dhiil. Yote! Alikuwa anamfuta mtoto wa ngamia kwa ncha ya mtandio, hakuinua kichwa. Akaniambia ya kiwanjani na ya akala anayajua tangu Jumanne, Shuaib alimwambia. Kila siku alikuwa akingoja niseme mwenyewe.

"Ngamia ilikuwa na mtu ya kuitafuta," akasema. "Mimi nilikuwa natafuta wewe."

Nilikosa pa kuweka uso. Shuaib alijifanya anafunga akala.

Jumapili, 16 Februari

Habaryar amenisamehe! Adhabu ni ndogo: nimchunge Suban na mtoto wake kila siku mpaka Ramadhani, kwa macho yangu mwenyewe, bila kitu chochote kinachoruka. Nimeapa mbele ya Idman na jirani. Nimetubu kwa dhati. Mimi ni mtu mpya.

Lakini simu hairuki. Hilo hata shehe atalikubali.

Asubuhi nimeifunga simu yangu ya zamani shingoni mwa Suban kwa kamba ya katani, inaipigia simu yangu ya pili kwa video. Fathi amenipa kiti dukani kwake, chini ya feni. Nawaona kwa macho yangu mwenyewe kama nilivyoapa: miiba, sikio la mtoto, miiba tena. Fathi amesema simu ya shingoni inaomba sasisho na iko juani. Nimemwambia aache kujifanya mhandisi.

Saa saba na robo. Suban anatembea. Anatembea upesi. Kwenye kioo kuna lami. Lami ya wapi? Sasa yametokea maandishi: simu ina joto, inajizima. Kioo cheusi.

Habaryar amepiga muda huu huu kuuliza wanaendeleaje. Nimemjibu kwamba nimekaa nao hapa hapa chini ya mti, na wote wawili wanakula majani.