Kila Mtoto na Hesabu Yake

Jumatatu, 1 Februari 1954

Nimepata wazo! Lilinijia darasani, watoto wangu wa darasa la pili wakiimba jedwali la saba. Mimi nilikuwa dirishani, natazama mawingu yanayotoka upande wa Kaniama, makubwa, hayana haraka. Watoto wakafika saba mara nane, wakazama. Wote. Kimya kile ndicho kilichonigutusha.

Mkaguzi wa shule anakuja Jumatatu ijayo. Hapa Kamina tuko walimu wawili wa darasa la pili, mimi na Hulda, na mmoja wetu atapelekwa shule mpya ya watoto wa askari kule Base, kambi kubwa ya jeshi. Nyumba ya matofali! Bati! Baraza! Tayari nimejiona nimekaa barazani, mvua inapiga bati, nami sifanyi chochote.

Wazo lenyewe: kwa nini kila mtoto abebe jedwali zima? Kichwa cha mtoto ni kidogo. Nitampa kila mmoja hesabu moja tu, ya kwake. Wakikaa pamoja, jedwali limetimia. Tofali halihitaji kuujua ukuta. Maneno mazuri haya. Nimeyaandika ubaoni.

Jumanne, 2 Februari

Nimegawa. Kalenga, mtoto wa fundi wa reli: nane mara tisa. Ndaya, msichana mwembamba asiyesema sana: sita mara saba. Émile: saba mara nane, kwa sababu ana sauti ya kanisani. Kabla ya mapumziko kila mtu alishika yake. Saa zilizobaki nimewaambia wachore mito. Mimi nimechora baraza.

Ng'ambo ya ukuta, Hulda bado anahangaika na punje za mahindi. Saba hapa, saba pale, watoto wanazisogeza kwa kidole, polepole, kama watu wanaopanda. Nimemwuliza kama atamaliza kabla ya Pasaka. Akanijibu kwamba hajui, ila watakapofika watakuwa wamekwenda kwa miguu yao. Majivuno!

Alhamisi, 4 Februari

Watoto wa Hulda wanacheka wakihesabu. Wangu hawacheki. Hilo limenisumbua.

Wakati wa mapumziko nimeuacha mlango wa Hulda wazi. Bahati mbaya tu. Karibu bahati mbaya. Kuku wa mzee Kisimba, mlinzi wa shule, wakaingia na kula karamu. Nilisimama chini ya dirisha, nasubiri kilio.

Hakukuwa na kilio. Hulda aliwaambia watoto wahesabu punje zilizobaki, wapate zilizoliwa. Somo la kutoa! Darasa langu halijafika kwenye kutoa. Nimemsaidia kufundisha, na hata asante sikupata.

Ijumaa, 5 Februari

Msiba. Émile ana homa. Saba mara nane imelala nyumbani chini ya blanketi!

Nimemwomba Kalenga abebe na hiyo. Kakataa katakata kubeba ya watu wengine: "Miye niko na yangu, Mwalimu. Ya bantu sitaki." Ana miaka minane na tayari ana msimamo. Ndaya akasema asiwe na wasiwasi mtu yeyote, saba mara nane anayo, aliipata kwa Émile kwa mapera mawili. Alisema na mambo mengine. Sikusikiliza vizuri. Nilikuwa natazama namba nane niliyoiandika ubaoni, naona ni vibanda viwili vya duara, kimoja juu ya kingine, nikajiuliza nani anaishi kile cha juu na anapandaje.

Jumatatu, 8 Februari

Sina hamu ya kuandika. Lakini nitaandika.

Mkaguzi alifika asubuhi, miwani imejaa jasho. Nilieleza kwamba yeye aulize tu, mtoto atasimama. Akauliza sita mara nane. Mwenye hesabu hiyo akasimama, akajibu. Tisa mara tisa, akasimama mwingine. Vizuri! Nilisikia mvua juu ya bati langu.

Ndipo akamwonyesha Kalenga kwa kidole, akamwuliza sita mara saba.

Kalenga alisimama wima, mikono nyuma, kwa adabu yote. "Ile haiko yangu, Bwana. Iko ya Ndaya."

Mkaguzi alidhani hakusikia vizuri. Akamwuliza saba mara nane.

"Ile njo ya Émile. Iko mugonjwa."

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akamgeukia Ndaya. Ndaya akajibu yake. Akajibu ya Émile. Akajibu jedwali la sita, la saba, la nane, hata la tisa, bila kuinua sauti, kama mtu anayechambua mboga. Mkaguzi akamwuliza alizipata wapi zote.

"Nilibadilisha na benzangu, Bwana. Kwa mapera na karanga. Mu jedwali ya saba, yenye ilikosa mwenyewe, nilikamata ile yenye iliitangulia, nikaongeza saba."

Mkaguzi akaniuliza nani alimfundisha hivyo, kuongeza saba. Watoto wote wakanitazama. Hulda naye alikuwa mlangoni. Nikasema: mimi.

Basi akaniuliza mimi tisa mara saba.

Tisa mara saba nilimpa Léonie, benchi la nyuma. Macho yangu yakaenda kwa Léonie. Yenyewe tu! Léonie, mtoto mwema, akaanza kusimama.

Jumanne, 9 Februari

Base ataenda Hulda. Ndaya amepandishwa darasa la tatu. Mimi kuanzia Jumatatu nashushwa darasa la kwanza: moja mpaka ishirini, basi.

Watoto walipotawanyika, Kalenga alibaki. Macho mekundu. Nilifikiri amekuja kuniomba msamaha, nikajiandaa kusamehe. Hapana. Alisema mkaguzi alimwuliza za bantu wote, yake hakumwuliza. Aliitunza wiki nzima. Hata baba yake aliisikia kila asubuhi.

Nikamwambia asimame. Nikamwuliza: nane mara tisa?

"Makumi saba na mbili!"

Alisema kwa sauti ya kufika stesheni. Nikapiga makofi. Akaenda zake anarukaruka, nami nikabaki nimekaa kwenye benchi lake dogo, magoti karibu na kidevu.

Jumatatu, 15 Februari

Darasa la kwanza si baya. Dirisha lake ni pana zaidi.

Shida ni kwamba wanahesabu kwa vidole, na vidole vinaishia kumi. Hulda, ambaye bado anafunga mizigo, anasema niwape vijiti na subira. Vijiti! Nimepata wazo. Nitawakalisha wawili wawili, mmoja ahesabu, mwenzake akopeshe mikono. Vidole ishirini! Wiki hii hii tumemaliza mwaka mzima. Mkaguzi akirudi baada ya Pasaka atashika kichwa, na Base, nasikia, watajenga nyumba nyingine ya matofali, baraza pande mbili.

Hulda kauliza huyo anayekopesha mikono atajifunza lini. Nilitaka kumjibu. Lakini ndege ya askari ilikuwa inaingia ndani ya wingu, nikataka kwanza kuona itatokea upande gani.