Gofu la Kilwa kwa Magunia Matano

Remmy alikuwa stendi ya Songea akitafuta mtu wa kumlipia nauli ya kuuhama mji, alipomsikia Mzee Pankrasi akilalamika. Mzee huyo alikuwa na mashine ya kusaga, tumbo la mwenye mashine ya kusaga, na kidonda kimoja moyoni: jirani yake alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam.

"Ukimwambia mvua imenyesha, anakwambia bahari aliyoiona yeye haina ng'ambo," alisema Pankrasi. "Na alikaa Kariakoo tu!"

Remmy alizaliwa Singida, na bahari aliijua kwa picha ya kalenda. Hata hivyo, alikuwa na kofia ya kufuma mfukoni. Aliivaa, na alipofika kwenye benchi la mzee alikuwa tayari ni Iddi, Myao wa Mikindani.

"Shikamoo, mzee. Nimesikia mnataja bahari, nikageuka. Nilidhani nimeitwa nyumbani. Mimi Iddi, Myao wa Mikindani."

"Marahaba! Kumbe mtani wangu!" Pankrasi alimpiga begani. "Nilidhani ni harufu ya samaki mkavu, kumbe ni wewe."

"Na mimi nilidhani ni gunia limesahauliwa benchini, kumbe ni Mngoni."

Wakacheka. Wangoni na Wayao ni watani: zamani walipigana, na walipochoka mikuki wakabaki na matusi. Mtani anakutukana, anakuchukulia mali yako mbele ya macho yako, nawe unatakiwa kucheka. Remmy alikuwa amejifunza sehemu ya matusi kwenye kilabu cha pombe, akaona inatosha kwa biashara.

Alieleza kazi yake: kuongoza Safari ya Miji ya Kale ya Pwani. Basi lingepita Tunduru na Masasi, kisha Mikindani, Lindi, na mwisho Kilwa, kwenye majumba ya mawe ya masultani. Kisha alishusha sauti. Ilikuwa miaka ambayo viwanda vya serikali vilikuwa vikiuzwa, na mtu akishusha sauti, wenzake walisogea.

"Magofu nayo yanabinafsishwa."

"Nani anunue nyumba isiyo na bati?"

"Mzungu, mzee. Mzungu hataki bati. Ukiweka bati bei inashuka. Jirani yako ameiona bahari. Wewe utakuwa na dirisha linaloitazama."

Bei ya gofu pamoja na kiti cha basi ilikuwa magunia matano ya mahindi, kwa sababu, alisema Remmy, watu wa pwani wana mawe mengi na unga kidogo. Kufikia Alhamisi wateja walikuwa wameongezeka. Makarius, mwalimu wa kwaya, alichukua bafu la sultani bila kuliona.

Ilikuwa Februari. Aurelia, mke wa Pankrasi, alipoingia ghalani alikuta panya wanashangaa kama yeye.

"Baba Dorine, yale mahindi ndiyo ugali wetu mpaka mavuno. Watoto watakula gofu?"

"Mama Dorine, tatizo lako huoni mbali."

"Naona mpaka kwenye sufuria. Panatosha."

Kesho yake asubuhi alikwenda stendi na wanawake wenzake, ambao waume zao nao walikuwa wamenunua mawe. Walikuta lori limejaa magunia na Remmy anakaza kamba.

"Mahindi yanakwenda wapi, mtani?"

"Pwani, mama."

"Mbona lori limeelekea Njombe?"

"Linazunguka. Njia ya Tunduru ina matope."

Aurelia aligeukia kibanda cha chai, ambako polisi Rupert alikuwa akichovya andazi. "Afande, huyu kijana ni Myao kweli?"

"Jana alisema nimevaa sare kuficha viraka," alijibu Rupert. "Nilicheka, maana ni mtani. Kama si Myao, basi alimtukana polisi kazini, na amejiita jina lisilo lake. Hayo ni mambo ya kituoni."

Andazi lilisimama hewani. Wote walimtazama Remmy.

"Myao mimi, afande," alisema Remmy. "Kwa baba na kwa mama."

"Asante, mtani!" Aurelia akapiga kigelegele. "Jamani, Myao wetu ametuletea mahindi!"

Wanawake walipanda lori kama ngazi ya nyumbani. Gunia la kwanza lilishuka, la pili likafuata, na kila moja lilipata mkokoteni wake.

"Hayo ni ya wateja!" Remmy alipiga kelele.

"Si ulishalipwa? Basi ni yako. Na ya mtani ni yetu."

"Mtani anayekasirika," Rupert aliuliza polepole, akiweka kikombe chini, "ni mtani wa wapi huyo?"

Remmy akacheka. Alicheka kama mtu anayeng'olewa jino, na aliendelea kucheka walipomvua saa, kofia na viatu.

Angeweza kuondoka hapo akiwa maskini lakini huru, lakini alitokea Mzee Pankrasi amevaa koti la harusi, amebeba sanduku, na nyuma yake wateja wengine wote.

"Nasikia watani wamekuchukulia mahindi yako. Pole sana, ndiyo desturi," alisema. "Haya, twende Kilwa."

"Mzee, mahindi hayapo tena!"

"Yako hayapo. Mimi nilishakulipa. Afande, nimekosea?"

Rupert alifikiri kwa haki. "Hujakosea, mzee. Mwongozaji aongoze."

Basi la Tunduru lilikuwa likinguruma. Remmy alitoa noti alizokuwa ameshona kwenye pindo la suruali, alizoapa kutozigusa hata kwa nauli yake mwenyewe, akalipa nauli za wote, naye Makarius akamwomba dirisha. Konda Kassimu, Myao wa Nakapanya, aliposikia kuna ndugu wa Mikindani ndani ya gari, alimkumbatia na kumsalimu kwa Kiyao: salamu ndefu, yenye maswali ya ukoo, yaliyohitaji majibu.

"Mjibu mwenzio," alisema Pankrasi. "Na sisi tusikie."

Remmy aliinama mpaka sikioni mwa konda.

"Kaka," alinong'ona, "hivi Kilwa iko upande gani?"