Hotuba ya Mratibu Mkuu Kuhusu Kamera Iliyoshushwa Ukutani kwa Bi Ziada

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakufika lakini kiti chake kipo na naomba kisikaliwe na mtu. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Teule ya Usalama wa Majumbani kwa Njia ya Kamera, mlio mbele yangu na mlio nyuma ya mlango mkimalizia soda za wageni. Masheikh, mapadri na wachungaji wetu, kila mmoja kwa nafasi yake na kwa kivuli alichobahatika kukipata. Wazee wa Kilwa Kivinje, wenye mji. Mwakilishi wa sekta binafsi, nikiwa na maana ya Bwana Mfaume mwenye duka la misumari na mafuta ya taa. Akina mama wa vikundi vilivyosajiliwa na vile vinavyotafakari kusajiliwa. Vijana, nguvukazi ya taifa, mliokaa juu ya ukuta ingawa nimekwisha kukataza. Mgambo wetu Stephano, pamoja na mtuhumiwa uliyemshika mkono. Mabibi na mabwana: assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa yeyote niliyemsahau, habari za mchana.

(Makofi. Mtuhumiwa, kijana Yunusu, fundi wa kuezeka makuti, anasema: "Shikamoo, Mheshimiwa.")

Marahaba. Kumbukumbu zionyeshe kwamba mtuhumiwa ana adabu, lakini kumbukumbu zionyeshe pia kwamba adabu si utetezi.

Ndugu wananchi, tumekutana hapa kwa shughuli moja tu, nayo ni kuagana na Yunusu, ambaye baada ya hotuba hii fupi atapandishwa gari la kwenda Kilwa Masoko akakabidhiwe kwa vyombo vya dola, kwa kosa la kushusha ukutani, kuondoka nayo na hatimaye kuifungua, kamera ya usalama iliyokuwa nyumbani kwa Bi Ziada, na kwa kosa la pili, ambalo mimi binafsi naliona ni zito zaidi, la kwenda kwenye mnada wa samaki na kutangaza mbele ya wanunuzi kwamba ndani ya kamera hiyo hamna kitu.

(Bi Maimuna, mama yake Yunusu, anasimama: "Mwanangu Mratibu, mtoto wangu hajaiba! Kama kaiba, si tuonyeshwe hiyo picha?" Sauti kutoka ukutani: "Picha! Picha!")

Picha tutaifikia, mama yangu, keti. Hotuba ina utaratibu wake, na mimi, Fidelis Chilumba, sikupelekwa semina elekezi ya Rasbura, kule Lindi mjini, ambako kati ya washiriki wote nilikuwa peke yangu niliyeuliza maswali mpaka chakula kikapoa, ili nije hapa nirukie mwisho wa jambo kabla ya mwanzo wake.

Sote tunafahamu kuwa dunia ya leo ni dunia ya soko huria, ya utandawazi, ya ubia, ya uwazi, ya ushindani na ya mambo mengine yanayofanana na hayo. Zamani bidhaa zilikuwa hazipo, na kwa hiyo mwizi alikuwa hana cha kuiba, akawa mtu mwema kwa kulazimika. Leo, kwa juhudi za sera zetu, kila nyumba ina redio, ina feni, ina viti vya plastiki, na mwizi naye kama mdau amejikuta akipata fursa. Ndipo mimi, kwa kuona mbali, nikabuni Mradi wa Kamera Majumbani, yaani sistimu kamili, shirikishi na endelevu, ambamo kila nyumba ya Mtaa wa Kisimani inakuwa na kamera yake pembeni mwa mlango, na kamera hizo zote zinapeleka picha zake katika kinasa picha kimoja cha kompyuta kilichomo katika chumba maalumu cha ofisi yangu, chumba ambacho hakifunguliwi, kwa sababu kompyuta, kama mnavyojua nyote mliosoma, haipendi vumbi wala maswali.

(Makofi kutoka nyuma ya mlango.)

Matokeo, ndugu zangu, mmeyaona. Kwa mujibu wa tathmini niliyoifanya mwenyewe ili kuepuka upendeleo, wizi wa mchana umepungua kwa asilimia mia moja na kumi, maana yake ni kwamba umekwisha wote na bado baadhi ya vitu vilivyoibwa miaka ya nyuma vimeanza kurudi. Bata mmoja amekwisha kuonekana. Wizi wa kuku umeshuka mpaka ukawa chini ya kiwango cha kitaifa, kiwango ambacho kitakapotangazwa nina uhakika tutakuwa chini yake. Na yote haya kwa matumizi ya umeme sifuri. Nasema sifuri! Wataalamu wa nchi zilizoendelea wanahangaika na nyaya, na betri, na jenereta. Kamera zetu sisi zinafanya kazi umeme ukiwepo, umeme usipokuwepo, na hata pale nguzo yenyewe isipokuwepo.

(Mzee mmoja kwa jirani yake: "Mbona hata redio yangu haiwezi hivyo?" Jirani: "Redio yako ya zamani, Dadi.")

Sikatai kwamba mwanzoni kulikuwa na changamoto za hapa na pale, ambazo sisi katika menejimenti tunaziita mafunzo. Nilipotoa mwongozo kwamba mgeni asipige hodi, bali asimame kimya mbele ya kamera aangaliwe, atambuliwe, halafu mlango ufunguliwe kisasa, ni kweli mkwe wa Bi Ziada alisimama pale mlangoni na kapu lake la maembe tangu baada ya swala ya adhuhuri mpaka alasiri, kila mtu aliyemo ndani akimsikia anavyokohoa na hakuna aliyethubutu kumkaribisha, kwa kuwa hakupiga hodi.

(Bi Ziada: "Na alikuwa mkwe, Mratibu! Mkwe! Amerudi kwao na maembe yake, mpaka leo hanisemeshi!" Kicheko.)

Huo, Bi Ziada, ni ushahidi kwamba nyumba yako ilikuwa salama. Vilevile nimepokea malalamiko ya akina mama kuhusu kamera zinazotazama uani, na ni kweli kwamba baadhi yenu kwa muda mrefu mmekuwa mkioga na kanga mbili, na mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa amekaa hapo mbele, alikuwa anaoga na viatu. Niliwaeleza, na narudia, kwamba kamera hizi zimefundishwa staha, na zinapomwona mama anabeba ndoo kuelekea bafuni zinageukia upande wa pili zenyewe.

(Sauti ya mwanamke: "Hatujaona hata moja ikigeuka!")

Kwa sababu zinageuka ukiwa bafuni. Naendelea.

Sasa nije kwenye kesi ya kijana huyu. Yunusu aliitwa na Bi Ziada kubadilisha makuti ya paa, kwa kuwa masika yanakaribia na paa lile sasa ni mchanganyiko wa makuti na mawingu. Akapanda. Akafika pembeni mwa mlango. Akaikuta kamera. Mwananchi mzalendo angeizunguka kwa heshima. Yeye akaishusha, akaichukua, akaifungua.

(Yunusu: "Mheshimiwa, nyigu walikuwa wananiuma! Walikuwa wanatokea humo humo ndani. Nikafungua, nikakuta kiota cha nyigu, basi. Hakuna waya, hakuna kioo cha maana, hakuna nini.")

Mmemsikia. Amekiri kuifungua. Na kuhusu nyigu, ningependa wananchi waelewe kuwa nyigu wale si bahati mbaya, wale ni ulinzi wa ngazi ya pili. Kamera inamwona mwizi, nyigu anamshughulikia. Je, mtuhumiwa aliumwa?

(Yunusu, akionyesha sikio lililovimba: "Niliumwa sana.")

Basi sistimu ilifanya kazi!

(Makofi yasiyo na uhakika. Bi Maimuna: "Na picha, baba? Mtoto wangu anapelekwa rumande kwa picha ambayo hakuna aliyeiona!")

Mama, sasa tumefika kwenye picha, na naomba utulivu kwa sababu hapa pana utaalamu. Picha ya Yunusu akiiba ipo. Nyumba ya Bi Ziada ilikuwa na kamera, kamera kazi yake ni kuona, na hakuna kitu kilichokuwa karibu zaidi na uso wa Yunusu siku ile kuliko kamera hiyo. Kwa hiyo picha ipo, tena kwa ubora wa hali ya juu. Lakini picha hiyo imo ndani ya kamera. Kamera iliibwa. Kamera iliyoibwa imepatikana na sasa ni kidhibiti. Kidhibiti kimefungwa kwenye mfuko wa sandarusi na kupigwa muhuri na mimi mwenyewe, na kidhibiti kilichopigwa muhuri hakifunguliwi. Kwa hiyo, kadiri tunavyotaka kuiona picha, ndivyo sheria inavyotukataza, na hilo peke yake linaonyesha uzito wa ushahidi uliopo.

(Bi Ziada: "Mratibu, mimi mwenye nyumba sijamshitaki. Mimi nataka paa langu. Mvua ikinyesha kesho nitalala wapi na wajukuu, kwenye kinasa picha chako?" Kicheko kikubwa. Stephano, mgambo, anacheka kisha anakumbuka kwamba yuko kazini.)

Bi Ziada, suala la paa ni la mtu binafsi, suala la kamera ni la umma, na umma hauvujiwi. Kwanza, hebu tutazame mbele. Awamu ya pili ya mradi itafika Masoko. Awamu ya tatu itavuka maji mpaka Songo Songo, ambako gesi ya taifa inalindwa na uzio peke yake, jambo la kusikitisha. Awamu ya nne tutaanza kuuza usalama nje ya mkoa, wawekezaji watakuja, watapanga foleni, watu watatoka Lindi mjini kuja Kivinje kujifunza namna ya kuangaliwa. Kila kaya itapata kamera mbili, moja ya kuwaangalia wezi na nyingine ya kuiangalia ile ya kwanza. Haya siyaahidi. Ahadi hutolewa na wanasiasa. Mimi nayatangaza kama mambo yaliyokwisha kutokea ambayo yanachelewa tu.

Kamera kila nyumba!

(Wachache: "Kila nyumba!")

Usalama bila umeme!

(Wachache zaidi: "Bila umeme!")

Mtaa unaojiona ni mtaa uliostaarabika!

(Bwana Mfaume peke yake: "Uliostaarabika!")

Kabla sijaketi, na kabla Stephano hajaondoka na mtuhumiwa, nitakuwa mtovu wa shukrani nisipowatambua waliofanikisha mradi huu, kwa maana mimi si mtu wa kujisifu, ingawa sababu ninazo. Kwanza kabisa namshukuru fundi bati wetu, Bwana Rafaeli, ambaye kwa mikono yake alitengeneza kamera zote za mtaa huu, akazikata, akazichonga, akazipaka rangi nyeusi mpaka mimi mwenyewe nilipozitazama nikajisikia natazamwa. Namshukuru Bwana Mfaume kwa kutupatia vitako vya chupa, ambavyo ndivyo macho ya kamera hizo. Nawashukuru wanakwaya, kupitia kwa Mwalimu Debora, kwa kutuazima taa ndogo nyekundu ya mti wa Krismasi, ile mnayoiona ikimetameta chini ya mlango wa chumba cha kompyuta jenereta inapowashwa. Tunaahidi kuirudisha kabla ya Desemba. Na kwa namna ya pekee, tena naomba tumpigie makofi, namshukuru Bi Ziada, ambaye alijitolea makopo yake yote ya mafuta ya kupikia, maana bila makopo yale pasingekuwa na kamera hata moja, kuanzia ile iliyokuwa nyumbani kwake mwenyewe.

(Makofi hayapigwi. Bi Ziada anasimama polepole: "Kwa hiyo lile ni kopo langu?")

Ni mchango wako, ndiyo, na umeandikwa.

(Stephano: "Samahani, Mheshimiwa. Nikifika Masoko wakiniuliza huyu ameiba nini, niwaambie alitumwa na Bi Ziada juu ya nyumba ya Bi Ziada, akashusha kopo la Bi Ziada?")

Utawaambia ni kamera, Stephano. Tuwe na nidhamu ya istilahi.

(Stephano anautazama mkono wa Yunusu kama mtu aliyeshika kitu cha mtu mwingine kimakosa, kisha anauachia. Bi Maimuna anamkumbatia mwanawe. Bi Ziada: "Twende, mwanangu, makuti yananikaukia." Watu wanaanza kusimama. Vijana wanaruka chini kutoka ukutani: "Tunakwenda kumsaidia, jua halijazama!")

Namalizia, ndugu wananchi, namalizia. Mwisho, lakini si kwa umuhimu, nakishukuru kikundi cha akina mama wafumaji, chini ya Bi Skolastika, kwa kitambaa cheupe chenye maua pembeni walichokifuma kwa ajili ya kuifunika kompyuta yetu, wakikadiria ukubwa wake kutokana na maelezo yangu, kwa kuwa wao hawakupata kuiona kompyuta, na mimi vilevile. Kitambaa tunacho, kimefuliwa, kimepigwa pasi, na siku kompyuta hiyo itakapopatikana, kama haitakuwa kubwa mno, itakuta nguo yake iko tayari. Wangapi katika nchi hii wamewahi kukamilisha mradi kwa kuanzia juu namna hiyo?

(Uwanja unabaki na mzee Dadi, aliyesinzia, na kiti cha Mgeni Rasmi.)

Naona mmesimama nyote kwa heshima, na wengine kwa hisia kali mmeshindwa hata kubaki. Asanteni sana. Mzee Dadi, ukiamka, mpelekee Yunusu taarifa rasmi kwamba Mratibu Mkuu, kwa huruma yake na bila kushinikizwa na mtu, amemsamehe. Isipokuwa akimaliza kuezeka aje kwangu aichukue kamera, airudishe mahali pake, na wale nyigu, tafadhali, asiwafukuze, kwa kuwa katika mradi mzima ndio walinzi pekee walioripoti kazini.