Kofia ya Nyaya na Sambusa Mbili

Leo nimejichoma, yaani nimejianika mwenyewe. Sikusaidiwa na mtu. Nimejichoma nikiwa nimekaa kwenye kiti, nimefumba macho, mathe, mama yangu, akiwa hatua mbili kutoka kwangu.

Nianze na ufunguo wa gari, maana hapo ndipo yote yalipoanzia. Nina miaka kumi na sita na leseni nilipata mwezi uliopita. Gari ni moja tu, la mathe, na ufunguo analala nao. Nikiomba, anajibu, "Mtu asiyeweza kujizuia hashiki usukani." (Ni kwa sababu ya keki ya harusi ya binamu yangu. Tusiingie huko.)

Wiki hii kanisa letu limefunga siku tatu, asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Mathe akaniambia, "Ukimaliza zote tatu bila kuonja kitu, Jumapili unaendesha wewe." Kutoka nyumbani, kitongoji cha New Hope, mpaka mlangoni mwa kanisa, vijana wote wakiniona nikipaki. Nikakubali kabla hajafunga mdomo.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya tatu.

Sasa, kuna Dada Kerubo wa kanisani kwetu. Anasomea mambo ya ubongo chuo kikuu na anatafuta vijana kwa ajili ya utafiti. Wanataka kujua kichwani kunatokea nini mtu anapojizuia. Mathe aliposikia neno "kujizuia" akaandikisha jina langu hapohapo. Na kwa kuwa sijafika miaka kumi na minane, mzazi lazima asaini, na akitaka anaweza kuketi ndani. Mathe alitaka.

Saa nane mchana, tukiwa njiani kwenda kwenye huo utafiti, tukapaki Cedar-Riverside, mtaa wenye maduka ya vyakula vya kwetu, anunue unga wa ugali kwanza. Aliingia dukani, mimi nikabaki nje. Duka la jirani mlango ulikuwa wazi, na sambusa ndiyo kwanza zilikuwa zinatoka kwenye mafuta. Sitajitetea. Nilikula mbili nyuma ya lori la mizigo, kwa muda ambao mtu wa kawaida hufunga kamba za viatu. Ulimi uliungua. Mikono nikapangusa kwenye soksi (mathe hukagua suruali, soksi hakagui).

Akatoka na unga, akanitazama.

"Mbona midomo inang'aa?"

"Ni mafuta ya midomo, mum. Si unajua hewa ya hapa inavyokausha."

"Mm."

Mathe ni nesi. Hiyo "mm" yake imeshawafanya wagonjwa wakubali kwamba dawa waliitema.

Maabarani, chuoni kwa Dada Kerubo, tulikuta karatasi za ridhaa mezani, kurasa nne. Mathe akavaa miwani, akasoma zote nne. Mimi nikasaini bila kusoma, vile huwa nakubali masharti ya kila kitu kwenye simu. Kumbukeni hapo.

Kofia wanayokuvalisha kupima ubongo ni kama ya kuogelea, ila imejaa nyaya, na kila tundu linajazwa jeli baridi. Dada Kerubo alikuwa akinieleza huku akijaza.

"Hapa mbele kuna sehemu inayotuma ujumbe wa kusimamisha. Unashuka mpaka ndani kabisa ya ubongo, na mkono unatulia kabla haujasogea. Ni kama breki. Tunataka kuona hiyo njia inafanyaje kazi kwa watu wa umri wako."

"Na hii mashine inaona kila kitu?" nikauliza, kama mtu asiye na sababu ya kuuliza.

"Inaona mengi," akasema, akihangaika na waya mmoja uliogoma.

Inaona mengi. Nikavuta suruali ifunike soksi.

Kwenye skrini kulitokea mistari mingi inayotetemeka. Mathe akavuta kiti karibu, mkoba juu ya magoti, akaikodolea macho vile anavyokodolea mashine za wagonjwa kazini.

"Fumba macho," Dada Kerubo akasema. "Usifanye chochote. Dakika mbili tu."

Nikafumba. Nikajiambia, usifikirie sambusa. Jaribuni wenyewe muone. Nilifikiria sambusa, pilipili yake, hata karatasi iliyofungiwa. Nikakaza meno ili nisifikirie.

"Baraka," Dada Kerubo akasema polepole, "kuna kitu nakiona hapa. Kiko pande zote mbili."

Pande zote mbili. Na sambusa ni mbili. Nikasikia kiti cha mathe kikilia.

"Ni sambusa," nikasema. "Mbili. Za nyama. Samahani, mum."

Nikakaza meno zaidi.

"Bado kipo," akasema Dada Kerubo. "Tena kimeongezeka."

"Sawa, sawa. Jana nilikula chapati za kwenye friza. Nilizipasha moto bafuni kwa pasi ya nywele ya dadangu."

"Baraka, ngoja kwanza..."

"Na juzi nilikula chakula chote cha shule, halafu nikamalizia cha rafiki yangu. Hapo nimemaliza. Hakuna kingine humo ndani, angalia vizuri."

Nikafungua jicho moja. Dada Kerubo alikuwa ameziba mdomo kwa mkono wenye jeli.

"Nilitaka tu kukuambia ulegeze meno," akasema. "Ukiyakaza, misuli ya taya inanichafulia mistari."

"Kwani haioni mawazo?"

"Inasikia umeme kidogo kutoka juu ya kichwa, basi. Itajuaje umekula nini?"

"Imeandikwa ukurasa wa pili," mathe akasema.

Hakupaza sauti. Ndipo nilipoelewa. Mathe alijua tangu mwanzo kwamba ile kofia haijui kitu, na akaniacha niendelee mpaka kwenye chapati.

"Hiyo pasi ya nywele," akaongeza, "tutaongea nyumbani."

Nikamwomba Dada Kerubo afute basi huo mtihani, tuanze upya. Akanitazama kwa huruma.

"Mtihani wa kujizuia hatujaanza, Baraka. Hapo ulikuwa unapumzika tu."

Tukaufanya. Duara la kijani likitokea, unabonyeza. Likiwa jekundu, unaacha. Matokeo sitasema. Nitasema tu kwamba kila nilipobonyeza jekundu nilisikia mathe akihema, na alihema sana.

Kurudi nyumbani aliendesha yeye. Mimi nilipakata unga, jeli ikinikaukia kichwani. Tulipofika kwenye taa za barabarani, akasimama, akanigeukia kwa utaratibu.

"Umeona? Nyekundu. Mtu anasimama."

Jumapili nitafika kanisani nikiwa kiti cha nyuma. Mkiniona nikishuka, naomba muendelee kuangalia mbele.