Lisbon kwa Meli, Bila Makunyanzi

Alhamisi, 1 Mei. Miami.
Nimepanda! Meli inaitwa Aurelina, ghorofa kumi na tatu, na msosi haufungwi. Siku nane baharini, kisha Lisbon, na Jumamosi binti yangu Corinne anaolewa. Ataingia kanisani kashika mkono wangu, si wa Russ, mume mpya wa mama yake. Corinne kasema nikiwahi mazoezi ya Ijumaa jioni nitamsindikiza mimi, nikichelewa atamsindikiza Russ. Russ anakwenda kwa ndege. Atafika uso umekunjamana kama shati la mtumba. Mimi nitafika laini! Darlene, mtalaka wangu, anatangaza kwamba naogopa ndege. Mimi? Miaka ishirini na sita sijapanda kwa sababu ya msimamo tu.

Jumamosi, 3 Mei
Wizi mtupu! Mchana kipaza sauti kimetutaka tusogeze saa mbele kwa saa nzima. Eti tunaelekea mashariki, na tutaambiwa hivyo tena na tena. Nimelipia safari kamili, wao wananinyofolea! Nimegoma. Saa yangu inabaki ya Miami, mengine nitajumlisha kichwani. Bi Lucille, mjane wa Tampa ninayekula naye meza moja, anavuka bahari hii kwa mara ya kumi na tisa. Akacheka mpaka kijiko kikamdondoka. Akasema, Wendell wewe, utakuja kuachwa. Nikamjibu nimefundisha hesabu miaka thelathini. (Nilikuwa nauza mazulia.)

Jumatatu, 5 Mei
Mkakati wa ngozi. Nimelala juani ili Russ aone rangi ya mtu aliyepumzika. Nikapitiwa na usingizi mchana kutwa, sikusikia tangazo lolote. Shavu la kushoto limeiva, la kulia bado bichi. Kesho nageukia upande wa pili.

Jumatano, 7 Mei. Ponta Delgada, kisiwani.
Tumeshushwa kutembea. Mwisho wa kurudi melini, saa kumi alasiri. Simu nimeizima, kampuni za simu hunyonya mtu akiwa ugenini. Kwa hesabu yangu saa moja nzima ilikuwa imebaki, nikaagiza jibini na nanasi. Honi! Nikatoka mbio na kaptura na kandambili. Thubutu! Aurelina imeshaachia gati. Abiria wamejipanga kwenye varanda, wananishangilia kana kwamba nimefunga goli. Bi Lucille ndiye aliyekuwa akiongoza makofi. Kumbe saa zilisogezwa mara nne, mimi nimehesabu tatu. Uzembe wa kipaza sauti!

Pasipoti ninayo mfukoni. Suti iko melini. Wakala wa bandari akasema hakuna njia nyingine, ndege ya jioni. Roho mkononi. Nikakaa jirani na mtawa, nikamng'ang'ania mkono tangu tunapaa mpaka Lisbon. Maskini, alikuwa anajaribu kusali rozari.

Alhamisi, 8 Mei. Lisbon.
Nimefika siku moja kabla ya meli yangu mwenyewe! Corinne kanirukia shingoni. Russ na Darlene wakaniuliza imekuwaje. Nikasema nahodha aliongeza mwendo. Mizigo? Inaletwa. Kwa kuwa wote tumefika, mazoezi yamewahishwa, kesho asubuhi badala ya jioni. Ushindi!

Ijumaa, 9 Mei
Tumesimama ngazi za kanisa, mtoni kunaonekana kote. Corinne kanishika mkono, padri anatuonyesha mwendo. Ndipo Aurelina ikapanda mto taratibu mbele yetu, jina ubavuni kwa herufi kubwa kama milango. Darlene akauliza, Wendell, ile si meli yako? Russ akajikoholesha.

Corinne machozi yakamlenga. Akaniuliza kwa sauti ndogo, baba, ulipanda ndege? Wewe? Kwa ajili yangu?

Russ alikuwa ananikodolea macho. Nikasema ziko mbili, ni meli mapacha, ile ndiyo iliyochelewa.

Corinne akasema, hata leo uongo, baba? Akajifuta macho, akauachia mkono wangu, akamwita Russ. Padri akaanza upya.

Jumamosi, 10 Mei
Russ ndiye aliyemwingiza kanisani. Amepiga hatua kama mtu anayehamisha friji. Uchovu wa ndege, unaonekana waziwazi! Mimi nilikuwa benchi la pili, na suti yangu niliyoifuata melini. Nimelia kidogo. Kanisa kuukuu, vumbi jingi.

Kwenye karamu nimewaeleza watu wa meza tatu kwamba meli ndiyo njia pekee ya mtu mwenye akili. Corinne akaja, akainama sikioni. Kuna nafasi kwenye ndege yao ya Jumatatu, nikae katikati yake na mumewe, atanishika mkono mpaka Miami. Nikamwambia asante, baba yake ana mipango yake.

Nimeulizia. Meli ya kurudi ipo. Ni ya Oktoba. Nimeshakata tiketi.