Jicho la Erramun na Tiketi ya Aldude

Jumatatu, 1 Julai 2019. Bakersfield, California.
Miaka hamsini na saba na miezi mitatu tangu nitoke Aldude, kwetu Ubaski, mpakani mwa Ufaransa na Hispania, kuja Marekani kuchunga kondoo wa watu. Nilikuja kwa miaka mitatu tu.
Nimeondoka asubuhi kwa gari-nyumba. Lina kitanda, jiko na choo. Niliishi miaka kumi na minane milimani katika kibanda cha mchungaji, nacho kilikuwa na magurudumu, ila choo hakikuwamo. Nimepanda cheo!
Safari ni ya Elko, Nevada. Jumamosi kuna mashindano ya mus, karata zetu, na wawili wanaoshinda hupewa tiketi za ndege hadi kwetu. Nimeshindwa mara kumi na moja. Mwaka huu kuna haraka: mtoto wa kaka yangu ameandika kwamba nyumba ya mama itauzwa Septemba. Nataka kuiona kabla.
Mwenzi wa kucheza naye sina. Nitawapitia marafiki wa zamani njiani, bila kuwaambia ninachotafuta. Watadhani nimewakumbuka.

Jumanne, 2 Julai. Bishop.
Kwa Ganix. Enzi zetu hakuna aliyeashiria kama yeye. Katika mus unaruhusiwa kumpa mwenzi wako ishara kwa uso, mradi iwe ya kweli. Kung'ata mdomo: una wafalme wawili. Kukonyeza: karata zako zina jumla ya thelathini na moja, mkono bora. Ustadi ni kuashiria wapinzani wakiwa hawatazami.
Nilimkuta barazani. Alipata kiharusi Machi. Nusu ya kushoto ya uso wake haisogei. Sikujua. Niliuliza habari za bustani.
Aligundua kabla sijamaliza kahawa. Akasema, “Umekuja kutafuta uso, Mattin, si mimi. Mimi nimebaki na nusu.” Akacheka kwa hiyo nusu. Alinifungia jibini ya kondoo. Nikaahidi kumpitia wakati wa kurudi.

Jumatano, 3 Julai. Barabarani.
Kiyoyozi kimekufa. Jibini inanuka kuliko kondoo mwenyewe. Sitaitupa.

Alhamisi, 4 Julai. Winnemucca.
Kwa Erramun. Ni mchezaji mbovu kuliko wote niliowahi kuwajua. Lakini! Mwaka 1974 nyumbu alimpiga teke shavuni, na tangu hapo jicho lake la kushoto hujikonyeza lenyewe. Alinikonyeza mlangoni. Aliikonyeza supu.
Wazo likaja kabla ya kijiko cha pili. Wapinzani watamwona akikonyeza kila mkono, wataogopa, watakataa dau. Kanuni inakataza ishara ya uongo, lakini nani atalishtaki jicho?
Sikumweleza hila. Nilimwambia nimekumbuka ustadi wake. Machozi yalimlenga. Jicho likakonyeza.

Jumamosi, 6 Julai. Elko.
Asubuhi tumeshinda michezo mitatu! Wazee wenye akili timamu walilitazama lile jicho na kutupa karata. Erramun anaamini ni ustadi wake. Ameanza kuwashauri watu.
Fainali: dhidi ya Graciana na mwenzi wake Beñat. Graciana ana miaka themanini na mbili. Alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni ya wachungaji, na ametulisha sote. Hakulitazama jicho la Erramun hata mara moja. Alinitazama mimi. Akasema, “We Mattin, ukiiba nyama masikio yako hung'aa. Leo yamewaka.”
Tulikuwa sare. Graciana akaweka mchezo mzima kwenye mkono mmoja. Kukubali au kukataa, neno lilikuwa langu. Karata zangu takataka. Erramun akakonyeza. Basi, amekonyeza tangu kifungua kinywa! Nikakataa, tukapoteza pointi moja.
Karata zikafunuliwa. Graciana hakuwa na kitu. Erramun alikuwa na thelathini na moja.
Mikono miwili baadaye tulikuwa tumekwisha.
Erramun alipiga meza. “Nilikukonyeza!”
Nikamjibu anakonyeza tangu 1974.
“Ile ilikuwa ya makusudi, mjinga wewe!”
Watu watatu walilazimika kwenda nje kucheka.

Jumapili, 7 Julai. Elko.
Erramun ameondoka na basi. Hakuniaga. Jicho lake ndilo lililoniaga.
Graciana alikuja kwenye gari-nyumba na mkate. Alisema Beñat haogopi kushindwa, anaogopa ndege, na tiketi yake haina mtu. “Ichukue. Utaiona nyumba ya mamako.”
Nilisema nitaifikiria. Kisha nikasema kiyoyozi kinahitaji fundi. Kisha nikasema tiketi ya kupewa haina ladha.
Alinitazama masikio. “Miaka yote hii unaitafuta kwa hila, na leo ya bure huitaki. Sawa, mwanangu. Kula mkate.”
Tulikula mkate na jibini ya Ganix.
Najua nyumba ile ngazi kwa ngazi: ya tano hulia, dirisha la mama huangalia mti wa mjozi. Mtoto wa kaka amebadilisha ngazi. Mjozi umekatwa. Aliniandikia yote hayo, kwa wema.

Jumanne, 9 Julai. Bishop.
Kwa Ganix, kama nilivyoahidi. Tumekaa barazani. Nimemtazama kwa makini. Uso ule hauna habari yoyote. Graciana mwenyewe angesoma nini pale? Mpinzani akikaa upande wa kushoto, ni ukuta mtupu!
Nimemwambia nimekumbuka ustadi wake. Amesema masikio yangu yanang'aa. Lakini hakukataa.
Mwakani tutashinda tiketi ile. Lakini kwetu sitarudi; ngazi ya tano hailii tena.